Huduma yangu inafeli kompyuta ikiwaka, lakini nikiianzisha kwa mkono inakubali

*"Nina kompyuta ndogo ya Debian 12 ninayoitumia kama seva. Nimeweka humo programu ya albamu ya picha. Picha zenyewe ziko kwenye diski ya nje ya USB iliyopachikwa kwenye folda ya /data, na maelezo yake yako kwenye hifadhidata ya PostgreSQL ndani ya kompyuta hiyohiyo. Nikiwasha kompyuta, mara nyingi huduma inafeli. Nikiingia na kuandika `systemctl start albamu` inaanza papo hapo bila shida. Nimeandika `After=network.target postgresql.service`. Haikusaidia, nikabadilisha jina la faili likawa zz-albamu.service ili ianze mwisho. Baadaye nikaongeza `ExecStartPre=/bin/sleep 30`. Ikatulia wiki nzima, halafu tatizo likarudi. Kinachoniogopesha zaidi ni kwamba mara mbili huduma iliwaka vizuri lakini albamu ilikuwa tupu, picha zote hazionekani. Niliwasha upya zikarudi. Kwenye fstab, faili lenye orodha ya diski za kupachikwa, diski ina `nofail`. Nifanyeje ili huduma hii ianze ya mwisho kabisa?"*

Nianze na hofu yako. Kwa maelezo uliyotoa, picha zako hazikufutika zile mara mbili. Huduma ilizitafuta mahali pasipo na kitu, kwa sababu diski ilikuwa bado haijafika. Folda ya /data ipo hata diski isipokuwepo. Ni folda ya kawaida tu kwenye diski ya ndani. Diski ya nje ikipachikwa, inaifunika folda hiyo kama mkeka unavyofunika sakafu, na wewe unaona kilicho juu ya mkeka. Programu yako ilifika kabla mkeka haujatandikwa, ikakuta sakafu tupu. Kwa kuwa folda ilikuwepo, haikuona kosa lolote la kulalamikia. Ikawaka na kukuonyesha albamu isiyo na kitu.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linalotuelekeza kwenye chanzo. Umehangaika na mtandao na hifadhidata, lakini dalili zako zote zinaielekea diski.

Sasa swali lenyewe, la kuifanya huduma ianze mwisho kabisa. Naelewa lilikotoka. Zamani Linux nyingi ziliwashwa kwa mtindo wa SysV: mafaili kwenye saraka za /etc/rc2.d na wenzake yalipewa majina yenye namba, S01, S20, S99, na mfumo uliyaendesha moja baada ya jingine kwa kufuata namba. Ukitaka kitu kiwe cha mwisho unakipa S99, basi. Ukibadilisha jina likaanza na zz leo, unatumia akili ya wakati ule. Lakini systemd, programu inayoanzisha huduma kompyuta ikiwaka, iliyotoka mwaka 2010 na ambayo Debian imeitumia kama chaguo lake la kawaida tangu toleo la 8 la mwaka 2015, haina foleni. Inasoma yuniti zote (maelezo ya kila huduma, diski au hatua ya kuwaka), inachora ramani ya nani anamsubiri nani, kisha inaanzisha kwa pamoja kila ambacho hakijaambiwa kisubiri. Jina la faili halina uzito wowote katika kupanga zamu. Huduma yako ikiitwa aa au zz, itaondoka mstarini wakati uleule.

Kwa hiyo hakuna nafasi inayoitwa ya mwisho. Kuna swali moja tu ambalo systemd inaweza kukujibia: huduma hii inahitaji nini kiwe tayari kabla haijaanza? Ukilijibu hilo kwa ukweli, zamu itajipanga yenyewe.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, nami nilikwama hapo muda mrefu nilipoanza. Maneno ya systemd yanagawanyika mafungu mawili. `After=` na `Before=` ni ya mpangilio. `Requires=` na `Wants=` ni ya uhitaji. Fungu moja halifanyi kazi ya jingine.

Chukua mfano wa bawabu mlangoni. Ukimwambia, "Juma asiingie kabla ya Asha," hiyo ni `After=`. Atalitii neno lako ikiwa Asha yumo kwenye orodha ya wanaokuja leo. Kama Asha hakualikwa, Juma anaingia moja kwa moja, na bawabu hajakosea. Kumwalika Asha ni kazi nyingine: ukiandika `Wants=` unamwalika, akija vizuri, asipokuja shughuli inaendelea. Ukiandika `Requires=` unamwalika na kusema kwamba bila yeye Juma naye asiingie. Ila ukimwalika bila kumweleza bawabu nani atangulie, wote wawili wataingia kwa mkupuo. Ndiyo maana mara nyingi utaona mistari miwili pamoja, mmoja wa uhitaji na mmoja wa mpangilio, vikitaja jina lilelile.

Kuna jambo la tatu: kuanza na kuwa tayari si kitu kimoja. Huduma ya `Type=simple` huhesabiwa imeanza mara tu systemd inapozaa mchakato wake, hata kama programu itachukua sekunde kumi kusoma mipangilio na kufungua mlango wa kupokea wateja. Ya `Type=notify` huhesabiwa imeanza pale programu yenyewe inapotuma ujumbe kwamba iko tayari. Ya `Type=oneshot` huhesabiwa pale kazi yake inapokwisha. Hivyo `After=` ya kitu cha aina ya simple inakuhakikishia kwamba kile kitu kimezaliwa, haikuhakikishii kwamba kimesimama.

Tupitie ulichoandika. `After=postgresql.service` iko sawa. Ila ujue kwamba kwenye Debian yuniti hiyo ni mwavuli tu. Hifadhidata yenyewe inaendeshwa na postgresql@15-main.service, na mwavuli umepangwa uisubiri hiyo. Ndiyo maana ukiandika `systemctl status postgresql` unaona "active (exited)" na kushtuka kwamba imetoka. Haijafa, mwavuli ndivyo ulivyo. Ukitaka kujua hali ya hifadhidata yenyewe, andika `pg_lsclusters`.

`After=network.target` haikukusaidia na isingeweza kukusaidia. Jina lake linadanganya. Haimaanishi mtandao unapatikana. Inamaanisha programu ya kusimamia mtandao imeanzishwa, na faida yake kubwa iko wakati wa kuzima, ili huduma zifungwe kabla mtandao haujakatwa. Anayehitaji mtandao uliokwisha kuunganishwa anatumia network-online.target, tena kwa mistari yote miwili, `Wants=` na `After=`, na yuniti ya kusubiri, kama NetworkManager-wait-online.service au systemd-networkd-wait-online.service, iwe imewezeshwa. Lakini wewe huihitaji. Hifadhidata yako iko ndani ya mashine hiyohiyo, na programu inayosikiliza anwani zote haina haja ya kusubiri mtandao. Ondoa mstari huo wa mtandao.

Halafu diski. Hujaitaja popote kwenye yuniti yako, na kwenye fstab ina `nofail`. Kwa kawaida diski iliyoandikwa fstab hupachikwa kabla ya hatua iitwayo local-fs.target, na huduma za kawaida huja baada ya hatua hiyo, kwa hiyo mtu anaweza kuishi miaka bila kulifikiria jambo hili. `nofail` inavunja utaratibu huo kwa makusudi. Inaiambia systemd mambo mawili: diski hii isipopatikana, endelea kuwaka, na kuwaka kwenyewe kusiisubiri. Watu wengi wanalijua la kwanza, la pili hawalijui. Diski yako inapachikwa pembeni wakati huduma nyingine zinakimbia, na huduma yako inashindana nayo. Siku diski inapoamka haraka, huduma inaikuta. Siku inapochelewa kuzunguka, huduma inafeli au inakuta sakafu tupu. Ukija kuianzisha kwa mkono dakika mbili baadaye, diski imeshafika, ndiyo maana inakubali kila mara.

Usikimbilie kuondoa `nofail`. Ukiiondoa, siku waya wa USB ukilegea kompyuta itaisubiri diski sekunde 90, kisha itaangukia hali ya dharura ikikudai nenosiri la root (msimamizi mkuu) mbele ya skrini, na SSH, njia ya kuingia kwa mbali, haitafunguka. Kwa seva iliyokaa pembeni bila skrini hiyo ni adhabu kubwa kuliko ugonjwa. Iache.

Nayo `sleep 30` ilikupa wiki moja ya amani kwa sababu siku nyingi diski huamka ndani ya sekunde thelathini. Kisha ikaja siku yenye ukaguzi wa mfumo wa mafaili, au diski iliyochelewa kidogo tu, na sekunde thelathini zikaisha kabla ya wakati. Ukiongeza ziwe 100 utaingia kwenye tatizo jingine: huduma ina muda wa kuanza ambao kwa kawaida ni sekunde 90, na usingizi wako unahesabiwa ndani yake. systemd itaiua huduma ikiwa bado imelala. Usingizi unakisia muda, ilhali systemd inaweza kulisubiri tukio lenyewe. Utasikia pia ushauri wa kuiweka programu kwenye cron, kipanga ratiba cha kazi, kwa `@reboot`. Cron nayo ni huduma inayoanzishwa katika mbio hizohizo, kwa hiyo utakuwa umeuhamisha ugonjwa chumba kingine, tena pasipo na `systemctl status` ya kukuonyesha kilichotokea.

Dawa ni mstari mmoja: `RequiresMountsFor=/data`. Mstari huu unaiambia systemd kwamba huduma inahitaji njia hiyo, na yenyewe inatafuta diski inayohusika, inaweka uhitaji na mpangilio kwa pamoja. Faili lako lote linaweza kuwa hivi:

```
[Unit]
Description=Albamu ya picha
RequiresMountsFor=/data
Wants=postgresql.service
After=postgresql.service

[Service]
User=albamu
ExecStart=/opt/albamu/bin/albamu
Restart=on-failure
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Badilisha jina la mtumiaji na njia ya programu kulingana na ulivyoweka wewe. Kwa hifadhidata nimechagua `Wants=` na si `Requires=`, nawe uamue ukijua tofauti. Ukiweka `Requires=`, kila utakapoizima PostgreSQL kwa matengenezo, albamu nayo itazimwa. Kwa `Wants=` albamu itabaki, itapata hitilafu kidogo, na kama itaanguka itainuliwa baada ya sekunde tano. Mimi napenda hiyo ya pili. Diski ni kesi tofauti. Bila diski sitaki albamu iwake kabisa, kwa sababu umeshaona inavyofanya.

Kuhusu `RestartSec=5`, usiiache. Usipoiandika, systemd hurudia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde tu, na ikifeli mara tano ndani ya sekunde kumi inakata tamaa na kuandika kwamba maombi ya kuanza yamerudiwa haraka mno. Ukiweka sekunde tano huwezi kuufikia ukomo huo. Jambo moja la kukumbuka: `Restart=` haifanyi kazi pale huduma inapozuiwa na uhitaji wake. Diski isipopatikana ndani ya ule muda wa sekunde 90, albamu itaandikwa imeshindwa kwa sababu ya tegemeo na haitajaribiwa tena. Ukishachomeka diski, `systemctl start albamu` inatosha. Itaipachika diski yenyewe kwanza, kisha ianze. Wakati huo wote SSH yako itakuwa wazi, kwa sababu haiisubiri albamu.

Kabla ya kuweka faili jipya, safisha mabaki ya lile jina la zz. Andika `systemctl disable --now zz-albamu.service`, futa faili lake, angalia ndani ya /etc/systemd/system/multi-user.target.wants kama kuna kiungo cha zamani kinachoelekea kusikokuwepo kitu. Nimewahi kuona watu wakiwa na nakala mbili za huduma moja zikigombea mlango uleule, na logi inasoma kama mchawi yumo ndani ya mashine. Ukishaweka faili lako, `systemctl daemon-reload`, kisha `systemctl enable albamu.service`. Ukigusa fstab pia unahitaji `daemon-reload`, kwa sababu systemd huitafsiri fstab kuwa yuniti zake, na `findmnt --verify` itakuonyesha makosa kabla hujawasha upya.

Sasa rudi kwenye sakafu. Kama programu yako iliwahi kuandika chochote siku ile albamu ilipokuwa tupu, mathalani picha iliyopakiwa kutoka kwenye simu au vijipicha vya onyesho, mafaili hayo yako kwenye folda ya /data ya diski ya ndani, yamefunikwa na mkeka. Huyaoni, lakini yanakula nafasi, na kati yake inaweza kuwemo picha ambayo haipo kwingine kokote. Yatazame bila kuigusa diski ya nje:

```
sudo mount --bind / /mnt
ls -la /mnt/data
```

Hapo unaona mzizi wa diski ya ndani bila vilivyopachikwa juu yake. Ukikuta kitu, kinakili mahali salama kabla ya kufuta. Folda ikishakuwa tupu kabisa, andika `sudo chattr +i /mnt/data`, kisha `sudo umount /mnt`. Kwenye mfumo wa mafaili wa ext4 amri hiyo inaifunga folda ya chini isiandikwe na mtu yeyote, hata root, lakini diski bado inapachikika juu yake kama kawaida. Tangu hapo, programu yoyote itakayowahi kabla ya diski itapata kosa la wazi badala ya kuandika gizani. Naiweka kwenye kila mashine yangu yenye diski ya nje.

Kuna njia nyingine ambayo ningekutajia ili uchague mwenyewe: kuongeza `x-systemd.automount` kwenye mstari wa fstab. Diski haipachikwi mpaka kitu cha kwanza kiiguse folda, na kinachoigusa kinasubirishwa mpaka diski ifike. Inafaa pale programu nyingi zinapotumia diski moja na huwezi kuhariri yuniti ya kila moja. Kasoro yake ni kwamba diski ikikosekana, kila anayeigusa folda ataganda kabla ya kupewa kosa, hata `ls` yako ya kawaida. Kwa huduma moja kama yako, `RequiresMountsFor=` iko wazi zaidi na logi yake inasomeka.

Hakikisha kwa macho. `systemctl show -p Requires,After albamu.service` itakupa orodha, na data.mount, yuniti ya kupachika /data, lazima iwe kwenye mistari yote miwili. Isipokuwepo, ama hujafanya `daemon-reload` ama njia uliyoandika si ile iliyo kwenye fstab. Kisha washa upya na uandike `journalctl -b -o short-precise -u data.mount -u albamu.service`. Utaona saa mpaka sehemu ndogo za sekunde: diski kwanza, albamu baadaye. Kuna pia `systemd-analyze critical-chain albamu.service`, inayoonyesha mnyororo wa waliosubiriana. Usichanganye na `systemd-analyze blame`. Hiyo inapanga kwa muda uliotumika, haionyeshi nani alitangulia, na huduma inayosubiri wengine inaweza kuonekana mzigo bila kosa lake.

Usiridhike na kuwasha upya mara moja. Tatizo la mbio linaweza kukuachia mara tatu mfululizo. Iwashe mara tano au sita, na walau mara moja izime kabisa uchomoe umeme wa diski, kwa sababu diski iliyopoa huamka polepole kuliko ile iliyokuwa inazunguka. Mara moja pia iwashe bila diski kabisa. Unachotaka kuona ni kompyuta iliyowaka, SSH iliyo wazi, na albamu iliyokataa kuanza ikitaja data.mount. Ukiona hivyo, kazi imefanyika.

Ukikuta kwenye logi maneno "ordering cycle", maana yake umeandika A amsubiri B na B, kwa njia ndefu, anamsubiri A. systemd huivunja duara hiyo kwa kuitupa kazi moja nje, na huenda ikawa ile usiyoitarajia. Ondoa mistari ya `Before=` na `After=` uliyoongeza kwa kubahatisha, moja baada ya nyingine, na `systemd-analyze verify` ikusaidie.

Yote haya unaweza kuyafanya mwenyewe. Lakini kuna hali mbili ningekusihi usiendelee peke yako. Ya kwanza ni kama `journalctl -k` inaonyesha "I/O error" kwenye diski hiyo, au diski inajikata na kujiunga tena, au unasikia inagonga-gonga. Hapo kuchelewa kwake ni dalili ya diski au umeme wake kuchoka. Usiendeshe ukaguzi wa kurekebisha juu yake. Kama inasomeka, nakili picha kwanza, na kama haisomeki izime na umpelekee fundi wa kuokoa data ikiwa hivyohivyo. Ya pili ni kama mashine hii iko mbali nawe au watu wengine wanaitegemea. Basi mwombe mtu anayeifahamu akae mbele yake, na kibodi na skrini vikiwa vimeunganishwa, siku utakayogusa fstab.